Msiipime Sanaa Yetu kwa Kilo

Mchoraji wa Likoni, Kisauni au Changamwe huulizwa swali moja kabla hata hajaulizwa jina lake: "Hizi taka umeziokota wapi?" Halafu linafuata la pili: "Umetumia kilo ngapi?" Hapo picha ishakwisha. Aliyeuliza ametosheka, amepiga simu yake picha mbili tatu, ameposti kwamba vijana wa Pwani wanageuza taka kuwa dhahabu, na ameelekea kwenye meza ya sambusa. Kwa nini upande wa kushoto umeachwa mtupu? Kwa nini mchoraji ameshona mahali ambapo gundi ingetosha? Hayo hayaulizwi.

Mimi nasema basi, imetosha. Hili neno "urejelezaji" limetukalia kifuani.

Nazungumzia sanaa mseto, yaani picha ambayo rangi inakaa pamoja na kitambaa, karatasi, waya, bati, kamba, ndara, chochote ambacho mkono umekitaka. Kwingine duniani mtu akifanya hivi huitwa mchoraji, hadithi ikaisha. Kwetu ng'ambo, zote tatu, huitwa mwanamazingira. Anapewa fulana ya kijani. Anapangiwa kusimama kando ya gunia la chupa ili apigwe picha na mgeni rasmi. Na kazi yake, aliyoifanya miezi minne usiku kwa taa ya stima ya kununua tokeni, inaingia kwenye ripoti ya mtu kama kilo kadhaa za plastiki zilizoondolewa ufuoni.

Nimeona maonyesho ya namna hii, kibandiko kando ya kazi kikiwa na nembo nne za wafadhili na uzito wa vitu vilivyotumika. Jina la msanii lilikuwa chini kabisa, kwa herufi za saizi ya masharti ya mkopo wa simu. Shirika lenyewe silitaji, maana si yeye peke yake. Ni desturi.

Wanaodhani jambo hili la kuchanganya vitu tumefunzwa na semina, waende Mambrui. Kule kuna kaburi la mnara, la zamani sana, ambalo mafundi walilipamba kwa kupachika bakuli za kaure za Kichina kwenye chokaa. Nenda Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, utakuta makaburi yenye alama za ufundi uleule. Hebu fikiria: chombo cha kulia, kilichovuka bahari nzima, mtu anakichukua na kukikandikia ukutani juu ya kaburi la mpendwa wake. Alikuwa na chokaa tupu angetaka, alikuwa na mawe ya matumbawe angeweza kuchonga. Akachagua kuchanganya, kwa sababu kaure ilisema jambo ambalo chokaa haiwezi kusema, kuhusu utajiri, safari na kifo. Hakuna aliyemuuliza kilo ngapi.

Au mtepe. Jahazi zima la mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari. Au leso yenyewe. Inasimuliwa kwamba zamani, karne ya 19, wanawake wa Uswahilini walinunua vitambaa vya mkononi vya Kireno vikiwa bado kwenye jora, wakakata vipande vya vitambaa vitatu vitatu na kushona pamoja wapate nguo moja ya vitambaa sita. Neno leso ni la Kireno, wala hatujalificha. Baadaye ikaja chapa, yakaja maandishi, na leo ukienda Biashara Street kwa Kaderdina Hajee Essak, wale wa "Mali ya Abdulla", utakuta kitu ambacho ni picha, ni maandishi, ni nguo na ni ujumbe kwa jirani mbaya, vyote kwa pamoja. Kama hiyo si sanaa mseto, basi nielezwe ni nini. Mama zetu wamekuwa wakiivaa huku sisi tukiambiwa tumeigundua juzi kwenye warsha.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo panapouma.

Picha ikiitwa picha, ina bei. Bei yaweza kuwa ndogo leo na kubwa kesho, lakini ni bei, na inamfuata msanii. Picha ikiitwa mradi, msanii analipwa posho. Posho ya siku, na nauli ya tuktuk akibahatika. Kazi inabaki ofisini kwa mfadhili, mapokezi, kando ya mashine ya maji. Na tofauti hii ni ya kisheria pia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ilivyorekebishwa mwaka 2019, inampa msanii haki ya kupata asilimia 5 kazi yake ya sanaa inapouzwa tena kibiashara. Haki nzuri sana hiyo. Lakini nani ataiuza tena kazi ambayo tangu mwanzo haikuuzwa, ambayo ilihesabiwa kama shughuli, pamoja na maji ya chupa na hema la kukodi? Asilimia 5 ya posho ni nini?

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye M-Pesa. Jina hili la taka linaiziba picha mdomo.

Tuseme mchoraji wa Mtongwe ametengeneza ukuta wa maboya mabovu na mbao za boti, juu yake akapaka rangi nyeupe mpaka karibu kila kitu kikafutika. Mtu yeyote aliyekulia upande ule anajua yuwasema nini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama hatua chache tu kutoka ufuoni, watu 272 wakafa, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Zipo nyumba Likoni ambazo tarehe hiyo bado haitajwi mezani. Sasa mchoraji amekaa na jambo hilo, amelitafutia umbo, amechagua mbao zilizokula chumvi kwa sababu ni mbao zilizokula chumvi. Halafu anakuja mtu na kumpongeza kwa kusafisha bahari. Huko ni kumtukana yeye na wafu wake.

Au mtazame wa Changamwe. Kuanzia Magongo hadi Miritini, maisha yalizunguka trela. Gereji, mama ntilie, madereva, makuli, vijana wa kushona turubai na kuziba pancha. Kile kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza 1963 kikaacha kusafisha 2013. Kisha ikaja reli mpya, mizigo ya bandarini ikaelekezwa kwenye behewa, na watu wakaandamana mjini kwa sababu trela zilipungua na vibanda vikafungwa. Mchoraji akichukua turubai kuukuu la trela, lenye viraka, lenye oili, lenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na kuchora juu yake, yeye hatumii tena kitu kilichotupwa. Anafungua faili. Viraka vile ni miaka ya kazi ya mtu.

Na tukiwa hapo: Kiswahili kishatufanyia nusu ya hoja. Turubai la kufunikia mzigo na turubai la mchoraji ni neno moja. Tunaoutaka utofauti ni sisi. Tukiona la dukani, lililobandikwa kwenye fremu na kuletwa kwa ndege, twasema "sanaa". Tukiona la trela twasema "ubunifu wa vijana". Ubunifu wa vijana! Mtu ana miaka arubaini na tatu na watoto watatu.

Najua watakaonijibu. Watasema, "Ndugu, bahari imejaa plastiki kweli, wewe unagombana na nani?" Sigombani na usafi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 niliifurahia kama mtu yeyote anayekaa karibu na mtaro. Kibarani, lile jaa lililokuwa likimkaribisha kila mgeni anayeingia Mombasa kwa barabara, lilipofungwa tulipumua, kwa maana halisi ya neno. Na Flipflopi, jahazi la Lamu lililozinduliwa 2018, lililojengwa kwa tani 10 za plastiki na kuvishwa ndara kama 30,000, kisha likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, naliheshimu. Lilijitangaza tangu siku ya kwanza kuwa kampeni, na ni kampeni iliyosimama juu ya ufundi wa kweli wa mafundi wa majahazi akiwemo Ali Skanda. Ndara pale zinazungumzia ndara. Sawa kabisa. Lakini hiyo ni kazi moja yenye nia yake. Haiwezi kuwa kipimo cha kila mtu ng'ambo anayeshika gundi. Ukisoma habari zake utaona hata yeye ameonewa kidogo: tani na idadi ya ndara zinatajwa kila aya, na ule ufundi wa kulifanya plastiki likunjike kama mbao, ambao ndio muujiza wenyewe, unapata sentensi moja.

Watasema tena, "Lakini pesa iko huko, msanii ale nini?" Hili ni zito zaidi na silipuuzi. Ale. Achukue posho, avae fulana, apige picha na mgeni rasmi. Simlaumu hata kidogo. Ninayemlaumu ni anayetoa pesa ile na kudhani amenunua pia haki ya kuamua kazi ile inasema nini.

Tena sisi Kenya tunajua vizuri inakuwaje watu wengine wakituamulia. Mwaka 2013 banda la Kenya kwenye maonyesho makubwa ya Venice lilijaa Wachina na Waitaliano. Mwaka 2015 likataka kuwa vilevile, huku mmoja wa wachache walioitwa wetu akiwa Mwitaliano mkaazi wa Malindi. Wasanii wakapiga kelele, Michael Soi akachora michoro ya kuikejeli aibu ile, na serikali ikalikana banda. Ilipofika 2022 banda lilikuwa na Wakenya wenyewe, na tazama nani walikuwamo: Dickens Otieno, anayekata mikebe ya soda na bia vipande vyembamba na kuvisuka kama kitambaa, Kaloki Nyamai, anayeshona turubai zake, akachanganya rangi na kamba na picha. Mikebe! Kamba! Vitu vilevile ambavyo Kisauni huvipa cheti cha mazingira. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, aliunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vikawa kama mashuka makubwa ya dhahabu, na 2015 hukohuko Venice akapewa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Vifuniko vile vinazungumzia pombe iliyokuja na meli za Wazungu na watu waliochukuliwa na meli hizo. Anayeviona kama vifuniko tu, hajaviona.

Mfano ninaoupenda zaidi, lakini, ni wa mwalimu wa shule. Rosemary Karuga alisoma sanaa Makerere miaka ya mwanzo ya 1950, wakati ambapo mwanamke darasani kule lilikuwa jambo la ajabu. Akarudi, akafundisha miaka na miaka. Aliporudia sanaa kwa nguvu alikuwa mtu mzima, na rangi zilikuwa ghali. Akachukua pakiti za unga na makaratasi ya sabuni ya Rexona, akakata vipande vidogovidogo, akabandika. Wanawake, kuku, ng'ombe, miti. Ukiangalia kwa karibu unaona herufi za pakiti. Ukirudi nyuma unaona mgongo wa mwanamke aliyeinama shambani, na ule mgongo una uzito. Alifariki 2021. Umaskini ulimpa karatasi, hilo ni kweli. Lakini jicho lililojua kwamba kipande hiki cha kijani cha sabuni ndicho kivuli cha jani, hilo hakulipewa na umaskini. Tukimweka Karuga kwenye kabati la "alitumia taka", tumemwibia jicho.

Sasa na sisi wenyewe, maana nisipojisemea mtaa wangu nitakuwa mnafiki.

Kazi nyingi zinazopewa jina la sanaa mseto huku kwetu ni mbovu. Ramani ya Afrika ya ndara. Simba wa visoda. Uso wa Mmasai wa vipande vya leso, na Mmasai mwenyewe yuko mbali na leso ile kuliko mimi nilivyo mbali na theluji. Hizi zinatengenezwa kwa sababu zinauzika, na zinauzika kwa sababu aliyeagiza hataki kuangalia mara mbili. Ukishakubali kupimwa kwa kilo, utaongeza kilo. Utarundika. Picha itajaa mpaka pembeni kama matatu ya Mishomoroni saa kumi na mbili jioni.

Na hazidumu. Hapa Pwani hewa yenyewe ni adui. Gundi nyeupe ya mbao inalainika msimu wa mvua, inashika kuvu, na kufikia Disemba ndara zako zinaanguka moja moja ukutani kwa mteja. Msumari unatoa kutu na kuchafua kitambaa. Rangi ya maji haishiki kwenye turubai la plastiki hata ukiomba dua, sharti ulikwaruze kwa msasa kwanza na ulioshe mafuta yote kwa sabuni ya unga. Turubai la kitambaa, lile zito la zamani, lina nta. Usipoitoa, rangi itachubuka kama ngozi ya aliyeungua jua. Ndara za ufuoni lazima ziloweshwe maji baridi siku kadhaa, maana chumvi iliyomo ndani hutoka baadaye na kuacha unga mweupe juu ya rangi. Mbao za boti huja na wadudu wao.

Haya ni maarifa. Yanapatikana kwa kuharibu kazi nyingi na kuanza tena. Wachoraji wanaoyajua nimewaona wakishona badala ya kubandika, kwa uzi wa nailoni wa wavuvi, mishono mirefu unayoiona ukiwa mbali, na mshono ule unakuwa mstari wa picha. Nimewaona wakilaza kitambaa chenye maji na siki juu ya bati kuukuu usiku kucha, asubuhi kutu imeingia kwenye nyuzi kwa rangi ambayo hakuna kopo la dukani linayo. Hapo adui amefanywa fundi msaidizi. Edward Saidi Tingatinga alianza na kadibodi ngumu za dari na rangi ya kupakia baiskeli kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na ule mng'ao wa rangi ya baiskeli ndio uliozifanya picha zile zionekane vile. Kitu unachokipata kina tabia. Mchoraji mzuri huijua tabia ile na kuisikiliza. Mvivu hukificha chini ya vanishi.

Kwa hiyo ukosoaji ndio tunaoutaka. Njoo uniambie kazi yangu imejaa mno. Njoo useme mshono huu ni wa uongo, umewekwa kwa urembo. Sifa za mazingira zinatunyima hata heshima ya kuambiwa tumekosea.

Na wapi tutaambiwa, ikiwa hata mahali pa kutundika ni shida? Kumbi ambazo mchoraji wa Mombasa hutajiwa kwanza ziko kisiwani: Fort Jesus na Mji wa Kale, Swahilipot, Alliance Française. Mtu wa Shika Adabu abebe turubai la mita mbili kwenye feri, miongoni mwa mikokoteni na pikipiki, na mvua ikinyesha aombe Mungu. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Watu walibishana sana kuhusu rangi ile, na mimi nilikuwa na yangu ya kusema, lakini kilichonichekesha ni kwamba agizo halikutufikia. Ng'ambo hatukustahili hata kupakwa chokaa.

Basi tumieni bahati hiyo. Kuta zetu bado hazijaamuliwa. Changamwe kuna Akamba Handicraft, ushirika wa wachongaji uliopo tangu 1963. Hao walielewa mapema kwamba ukiwa na banda lako na duka lako mlangoni, mnunuzi ndiye anayekufuata. Vinyago vyao vingi ni vya watalii, sawa, hilo tunaweza kuligombania siku nyingine. Lakini wachoraji wa ng'ambo hatuna hata hicho. Ushirika wa wachoraji kumi, chumba kimoja cha kukodi Mtopanga au Mikindani, orodha ya bei iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni, na mkataba wa ukurasa mmoja unaosema kazi inabaki ya nani baada ya hafla. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji sisi tukubaliane, na najua hiyo ndiyo ngumu.

Na wanaosimamia feri, wana mabanda ya abiria Likoni ambayo zaidi ya watu laki mbili hupita kila siku, wamesimama, wamechoka, hawana la kutazama ila matangazo ya mikopo. Hakuna galari Afrika Mashariki yenye watazamaji kama hao. Toeni ukuta mmoja. Tutaleta turubai wenyewe, tutalitundika wenyewe, na kibandiko tutaandika wenyewe: jina la mchoraji, mwaka, halafu turubai la trela, kutu, rangi ya mafuta, uzi wa nailoni. Bei kama inauzwa. Uzito atakayeutaka aje na mizani yake.